Ngumi ya Mkwe

Nkoma, Mbale
Jumapili, 21 Aprili 1996

Mdogo wangu Topista,

Mulembe. Hapa tu wazima, isipokuwa Santa mke wangu, ambaye goti lake limeanza tena kutabiri mvua, na kwa bahati mbaya linatabiri sawasawa. Ua wa nyuma umeanguka. Kuku wawili wameingia kwa jirani, na jirani anasema hajaona kuku wowote tangu Pasaka. Kazini ni vilevile: wafungwa wanaingia, wafungwa wanatoka, sisi askari magereza ndio tuliofungwa maisha. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida, maana marehemu baba alitulea kambini kwa lugha hii, na nikijaribu kukuandikia Kigisu naona kama namwandikia mtu mwingine.

Nakushukuru kwa kumtunza binti yangu Khainza hapo kwako Bugembe wakati anamalizia masomo ya uuguzi. Kuhusu yule kijana wa kambi ya jeshi ya Kimaka, Conrad, uliyemleta kwangu mwezi wa tatu kwa wadhifa wako wa shangazi: bado natafakari. Alikaa vizuri, alikula kuku wake kwa adabu, hakusema mengi. Lakini baba wa binti hakimbilii kujibu. Ajifunze kusubiri.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 18 Mei, kura zikishapita na watu wametulia, kuna mashindano ya karate ya mashariki hapo Jinja. Naleta wanafunzi sita kutoka ukumbi wetu wa parokia. Msimamo wangu unaujua. Miaka kumi na mitano nawafundisha kwamba mtu haendi mashindanoni kutafuta medali. Anakwenda kujitazama, kisha anarudi nyumbani kujirekebisha. Anayeshindana ili ashinde ameshashindwa kabla ya kuvua viatu. Medali ni bati lililopakwa rangi. Jumamosi iliyopita niliwaeleza haya kwa dakika arobaini, wao wakiwa wamekunja magoti, na nadhani yamewaingia.

Mimi nakwenda kama mwalimu tu. Kwa umri wa miaka arobaini na saba, mashindano yananihusu nini? Naomba unishonee nguo saba za karate kwa marekani nzito. Sita ni za wanafunzi, vipimo vimo ndani ya bahasha. Ya saba ni ya mwanafunzi mmoja mtu mzima aliyejiunga karibuni. Mshonee kwa kipimo changu, tunalingana.

Nakuombea afya na uzi usiokatika,
Kaka yako, Sajini Romano Gidudu


Bugembe, Jinja
2 Mei 1996

Kaka Romano,

Kodheyo, maana miaka ishirini ya kuolewa Busoga imenifanya nusu mtu wa huku. Shemeji yako bado anaendesha malori ya sukari na bado anadai kwamba barabara ndiyo inayolala, si yeye. Cherehani yangu ilipata homa wiki mbili, sasa imepona. Khainza amefaulu mtihani wa dawa. Pole kwa kuku. Huyo jirani, mpelekee salamu zangu wakati wa chakula cha jioni, ndipo utawaona kuku wako.

Nguo saba ziko tayari, Mahad atazileta kwenye teksi yake siku ya Jumatatu pamoja na barua hii. Mwambie mwanafunzi wako mtu mzima kwamba kiuno chake kimeongezeka inchi nne tangu nilipomshonea suruali ya Krismasi. Apunguze matoke.

Kaka, tusichezeane. Wewe ni mkubwa wangu na ninakuheshimu, lakini sikiliza. Conrad naye ameandikishwa katika mashindano hayo, tena kundi la wazi lisilo na umri wala uzito. Mshindi anapelekwa Nairobi na timu ya taifa. Kijana huyu ameingojea nafasi hiyo miaka minne. Na ameshakula kuku wa ukwe kwako. Unajua kwetu na huku kwa Wasoga mambo ni mamoja: mkwe hainui mkono mbele ya baba mkwe, hata kumfukuzia nzi. Basi huyo mwanafunzi wako mtu mzima akae kwenye benchi na ashike taulo.

Khainza ameniambia waziwazi, na mimi nakuambia hivyo hivyo: ni Conrad au hakuna. Siwezi kumlaumu. Ni kijana mpole, na anarudisha sahani jikoni.

Mwenye sindano mkononi na wewe moyoni,
Topista


Nkoma, Mbale
23 Mei 1996

Mdogo wangu,

Tulifika salama. Santa anakushukuru kwa samaki. Goti lake limetulia, kwa hiyo tunategemea ukame.

Najua ulikuwepo ukumbini Jumamosi, lakini hatukupata nafasi ya kuongea kwa sababu ya watu kunipongeza, basi acha nieleze ilivyokuwa, ili usije ukasikia kwa wengine. Jimmy, mwanafunzi wangu bora, aliamka na tumbo. Jina la klabu lilikuwa limeshaandikwa kwenye kundi la wazi. Je, ningeiacha nafasi ipotee bure? Nikavaa ile nguo ya saba, ambayo kwa bahati ilinitosha.

Raundi ya kwanza mpinzani hakutokea. Raundi ya pili polisi mmoja wa Tororo alinipiga usoni kwa nguvu mno, wakamtoa yeye, maana sheria inataka mtu azuie ngumi yake. Raundi ya tatu mpinzani aliteguka kifundo akipanda jukwaani. Ghafla nikajikuta fainali na Conrad.

Topista, sisemi haya kwa majivuno. Nilimshinda. Nilimpiga ngumi ya tumbo, nusu pointi, nikampiga ya pili, nusu pointi, saa ikaisha. Yeye alirusha mateke matatu, na yote yalipita juu ya kichwa changu. Alikuwa amesimama kama mtu anayengoja basi. Ukumbi wote ulipiga makofi. Medali nimeitundika sebuleni, si kwa sababu ina maana, ila wanafunzi wapate kuiona na kujua kwamba haina maana. Nafasi ya Nairobi nimeikataa kwa unyenyekevu na kwa sababu ya mgongo. Nasikia haipewi wa pili, wamempa kijana mmoja wa Kampala.

Lakini pambano lile limenifikirisha kama baba. Mtu asiyeweza kumgusa mzee wa miaka arobaini na saba atamlindaje binti yangu? Roho ya kupigana hana. Nazidi kutafakari, na safari hii natafakari kuelekea hapana.

Wako katika nidhamu,
Romano


Bugembe, Jinja
9 Juni 1996

Kaka Romano,

Habari za Mbale na habari za Santa. Hapa mahindi yameshuka. Kanisani tumepata katekista mpya mwenye sauti ya chini sana, hata Injili anaisoma kama anatoboa siri. Jirani yangu Nakisige amejifungua mapacha, nimewashonea vikofia vya njano. Bomba la maji limepasuka mbele ya duka langu na watoto wanafurahi. Shemeji yako amenunua miwani ya jua, sasa hata nyumbani hatujui kama amelala au yuko macho.

Pambano niliona. Nilikaa safu ya mbele.

Khainza anakula chakula chumbani kwake. Conrad alikuja Jumapili akakaa dukani saa nzima akinisaidia kukunja vitambaa. Hakusema neno lolote juu ya Mei wala juu ya Nairobi, na mimi sikumuuliza.

Nina swali moja tu, halafu naacha. Ulipompiga ile ngumi ya pili, mikono yake ilikuwa wapi? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Topista


Nkoma, Mbale
30 Juni 1996

Topista,

Natumaini mapacha wa Nakisige wanaendelea vizuri. Sisi wazima.

Swali lako limenifikia na halikunifurahisha. Mikono yake ilikuwa chini, ndiyo, nimeliona hilo na mwamuzi ameliona. Na hapo ndipo kosa lilipo. Juu ya mkeka hakuna mkwe wala mjomba, hakuna afande wala raia. Kuna mpinzani. Anayekuinamia halafu akaacha kupigana nawe amekutukana, kana kwamba amekuita mgonjwa. Mimi ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Kama alishusha mikono kwa makusudi, hakuniheshimu. Kama aliishusha kwa udhaifu, ni dhaifu. Kwa njia zote mbili hanifai.

Kwa hiyo nimeamua. Ndani ya bahasha hii kuna barua rasmi ya kukataa posa, nakala tatu: moja ya Conrad, moja ya wazee wake wa Iganga, moja ya kumbukumbu yako. Nimetia sahihi zote. Khainza mwambie baba yake anampenda na kwamba ipo siku atanishukuru.

Santa hasemi nami tangu Alhamisi, lakini hilo litapita.

Romano Gidudu, Sajini


Bugembe, Jinja
4 Agosti 1996

Kaka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika kalamu ilitoboa karatasi. Sasa ngoja nikusalimie kama tulivyolelewa: hujambo, na nyumbani hawajambo? Vizuri.

Kijana yule hakuwa dhaifu. Niliyekaa safu ya mbele nilimwona katika nusu fainali akimwangusha bingwa wa mwaka jana kwa muda ambao mimi nasukuma uzi kwenye sindano. Kisha likatangazwa jina lako na rangi ikamtoka usoni. Alisimama mbele yako akichagua: akupige, avunje mwiko na kumpoteza Khainza, au akuachie, aipoteze Nairobi. Akaachia Nairobi. Miaka minne, kaka, kwa dakika tatu. Na wewe ukaichukua, ukaitundika sebuleni, ukamnyima na binti vilevile. Nimekasirika nawe kuliko nilivyokasirika siku ulipouza baiskeli yangu.

Barua zako rasmi nimezifikisha zote, nakala moja kwa kila mtu, kama ulivyoagiza. Conrad aliisoma mara mbili akaikunja. Khainza alilia, kisha akanawa uso akaenda zamu ya hospitali.

Halafu nikaketi nikafikiri kama shangazi. Umemkataa kwa maandishi na sahihi. Basi Conrad si mkwe wako tena. Na kama si mkwe wako, mkono wake uko huru. Nikamweleza hivyo. Tarehe 14 Septemba kuna mashindano huko Mbale, nyumbani kwako, mbele ya wanafunzi wako. Amejiandikisha kundi la wazi. Bingwa wa Mei anatarajiwa kulitetea bati lake.

Si wewe uliyesema juu ya mkeka kuna mpinzani tu? Haya, mpinzani anakuja.

Topista


Nkoma, Mbale
1 Septemba 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Ni mwaka wa tohara, kama unavyojua, na Mbale nzima ni ngoma. Kuanzia asubuhi vijana wanapita wamepakwa unga, wanacheza, na kila mmoja anaapa kwamba hatapepesa jicho. Nimesimama mlangoni nikiwatazama na nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona.

Nilijua, Topista. Tangu tulipoinamiana nilijua. Macho yake yalikuwa miguuni pangu, yalipaswa kuwa kifuani. Ngumi ya kwanza niliipiga kumjaribu, na alipoipokea bila kujikinga nilijua kabisa. Ningeweza kusimama na kumwambia mwamuzi kwamba pambano hili si pambano. Nikasikia makofi. Unajua ni miaka mingapi sijapigiwa makofi? Nikampiga ya pili.

Sikumkataa kwa sababu ni dhaifu. Nilimkataa kwa sababu angekuja nyumbani kwangu kila Krismasi, angekaa kwenye kiti kilicho chini ya medali ile, na sisi wawili tungejua. Nimemnyima binti yangu mume ili nisione aibu nikila. Hayo ndiyo yaliyomo ndani ya mwalimu wa miaka kumi na mitano.

Santa ameanza kusema nami tena, na shauri lake ni hili: niandike leo kwamba nimekubali posa. Nikikubali, Conrad anakuwa mkwe tena, mkono wake unafungwa, ubavu wangu unasalimika, na kila mtu anacheka. Ni shauri la mke mwema na nilikaribia sana kulifuata. Nilishika kalamu. Lakini nikiandika leo, tarehe 14 atashusha mikono tena, nami nitakuwa nimemwibia mara mbili.

Kwa hiyo nitakubali, lakini baada ya pambano, vyovyote litakavyokwisha. Usimwambie. Usimwambie hata Khainza. Akijua tu, mikono itashuka. Nimejiandikisha kwa wino.

Naogopa kidogo.

Kaka yako,
Romano


Bugembe, Jinja
8 Septemba 1996

Kaka Romano,

Barua yako niliisoma nyuma ya duka, nimefunga mlango. Sitamwambia mtu.

Mahad anakuletea dawa ya kuchua na bandeji ndefu niliyoikata mwenyewe. Kula kidogo asubuhi ile. Kinga mbavu. Nimekasirika bado, lakini si sana. Siji kutazama, nina nguo za harusi ya watu wengine za kumaliza, na pia sitaweza.

Mungu akutangulie ulingoni, ila asikushindie.

Mdogo wako akupendaye,
Topista


Nkoma, Mbale
17 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Salamu fupi, maana kuandika kunauma. Sote hai. Santa anacheka.

Nilikuwa nimejipanga kufa kiume katika raundi ya kwanza, lakini safari hii nilimshinda mtu wa Soroti kihalali, nikamshinda na mwalimu wa mji wa Kumi kwa nusu pointi, hata nikaanza kujiuliza kama huenda. Halafu akaja yeye.

Wanafunzi wangu walikuwa wamepanga mstari ukutani. Tuliinamiana. Kabla mwamuzi hajatoa amri nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha kambi, "Kijana, mimi nilikukataa. Mimi si mtu yako. Piga."

Akainua macho.

Ya kwanza sikuiona. Niliisikia tu nguo yake ikipiga mlio, na mwamuzi akanyoosha mkono: pointi kamili. Ya pili ilikuwa teke, liligusa sikio langu kwa upole, angeweza kulichukua sikio lenyewe. Nikaingia mimi kwa nguvu zangu zote, Topista, kwa karate yote niliyonayo, ngumi nzuri, nakuapia ilikuwa nzuri, na yeye akageuka nusu hatua akaniwekea ya tatu ubavuni. Sikuikinga, na yeye aliizuia kidogo tu. Tatu kwa sifuri. Haikufika dakika moja.

Nilikuwa chini nimeshikilia ubavu na nikaona furaha. Sijui nikuelezeje. Tangu Mei watu wengi wamenipongeza na huyu ndiye wa kwanza aliyeniheshimu. Nililia, na wanafunzi wakadhani ni maumivu. Maumivu nayo yalikuwepo.

Nikasimama, nikamshika bega mbele ya watu wote, nikasema, "Karibu nyumbani." Alielewa polepole. Kisha akapiga magoti mkekani na bendera za waamuzi zikabaki hewani, hawakujua ni kosa la sheria gani.

Daktari wa gereza anasema ubavu umepata ufa. Wiki sita. Nikipiga chafya naona nyota. Medali ya Mei nimeirudisha kwa chama cha karate cha mashariki na maelezo kamili ya kwa nini si yangu. Barua ya kukubali posa hii hapa, nakala tatu. Wape.

Kaka yako aliyepigwa vizuri,
Romano


Bugembe, Jinja
6 Oktoba 1996

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza furaha. Khainza aliposoma barua yako alinikumbatia mpaka sindano niliyoishika mdomoni ikakaribia kumchoma. Anaimba akifua. Shemeji yako alivua miwani, tukaona alikuwa macho. Chama cha mashariki nao wamebandika barua yako ya medali ubaoni ukumbini: wanasema ni mfano wa unyenyekevu wa mwalimu wa kweli, na hawaamini hata neno moja. Medali wamekutunzia. Sasa Jinja yote inasema ulishinda Mei na bado unajishusha. Pole.

Sasa shida. Nilipeleka nakala Iganga kwa wazee wa Conrad. Wote walifurahi isipokuwa Mzee Gaster, baba yake mdogo, ambaye kwa mila ni mkali kuliko mahakama. Alisikia habari za Septemba, akaniita, akanikalisha mkekani, akaniuliza kama ni kweli kijana wao amempiga baba mkwe wake. Nikamweleza hesabu yangu: wakati ule alikuwa amekataliwa, kwa hiyo hakuwa mkwe. Nilikuwa najivunia sana hesabu ile.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Mama, kuku alimla mwezi wa tatu. Karatasi haiwezi kutapisha mtu kuku."

Kwa hiyo kwake yeye Conrad alikuwa mkwe tangu Machi, siku ile Mbale alikuwa mkwe, na aliyempiga baba mkwe haozwi katika ukoo ule. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Conrad alikuwa amekaa pembeni ameinamisha kichwa, na nilimwona anataka kusema kwamba yuko radhi kukosa kila kitu mara ya pili. Sikumruhusu aseme.

Mwishoni Mzee ametoa njia moja. Aliyepigwa mwenyewe aseme hakupigwa. Aandike, asaini, isomwe mbele ya ukoo Jumamosi ya tarehe 19, na jambo litafutika kana kwamba halikuwahi kuwapo. Chini ya hapo, hakuna harusi.

Nakujua, kaka. Najua umeshindwa kihalali mara moja tu katika haya yote, na najua ulivyokishika kipigo hicho. Nisingekuomba kwa ajili yangu.

Topista


Nkoma, Mbale
13 Oktoba 1996

Mdogo wangu Topista,

Mulembe. Santa mzima, ua umesimama, jirani amerudisha kuku mmoja akisema ni zawadi. Ubavu unapona, ila kitandani bado nageuka kwa awamu.

Barua yako ilikaa mezani siku tatu. Siku ya kwanza nilikataa. Siku ya pili nilitaka kusafiri Iganga nikamwonyeshe Mzee Gaster bandeji. Wanafunzi wangu waliona kila kitu, Topista. Jumamosi baada ya pambano niliwaambia: tazameni, hivi ndivyo mtu anavyoshindwa, huku ndiko kujitazama. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa, na lilikuwa la kweli. Na sasa niandike kwamba halikutokea.

Siku ya tatu Khainza alinipigia simu kazini, kwenye ofisi ya bwana jela. Hakuniomba lolote. Aliuliza tu ubavu unaendeleaje, nikasikia anavyoogopa jibu. Nikaona kwamba nilikuwa tayari kuipoteza harusi yake mara ya pili kwa sababu ya pambano, ila safari hii kwa pambano nililoshindwa. Mtu anaweza kujivunia hata kuanguka.

Tamko lenyewe hili hapa. Lisomwe kwa sauti, usilitie chumvi:

“Mimi, Sajini Romano Gidudu wa Nkoma, Mbale, mwenye akili timamu, nathibitisha mbele ya ukoo wa mkwe wangu Conrad kwamba tarehe 14 Septemba 1996 nilikuwa naye ukumbini Mbale kwa muda usiofika dakika moja. Tulisalimiana kwa heshima. Katika muda huo hakuninyanyulia mkono wala mguu, na hakunigusa popote. Nilianguka mwenyewe. Ushahidi wa mtu yeyote aliyekuwepo, wakiwemo waamuzi watatu na wanafunzi wangu ishirini na wawili, naukanusha. Ndimi Romano Gidudu.”

Nakala tatu. Nimetia sahihi zote.

Wanafunzi niliwasomea jana, ili wasisikie kwa wengine. Jimmy akauliza basi nini maana ya kushindana, nikatafuta jibu la dakika arobaini. Niliwaambia wakimbie kuzunguka parokia mara kumi.

Tutakuja harusini kwa gari la Mahad. Conrad nitamsalimia kwa mbali, kama mila inavyotaka, na hatutazungumza habari hii kamwe. Kwa hiyo nisemee wewe, dukani, mkikunja vitambaa, pasipokuwa na mtu wa Iganga karibu. Mwambie ile ya tatu, ya ubavuni, ambayo hakuipiga, ilikuwa nzuri sana.

Kaka yako,
Romano